Mkutubi Kama Mhakiki: Juu ya Maonyesho na Mapendekezo ya Vitabu katika Maktaba za Umma

Linapotajwa neno uhakiki, fikra za wengi wetu huelekea moja kwa moja Chuo Kikuu, kwa wataalamu wa fasihi na majarida yao. Ama huelekea darasani, ambako kijana wa kidato cha nne huhakiki riwaya na tamthiliya kwa kuwa mtihani unataka hivyo. Katika makala haya nakusudia kuzungumzia uhakiki wa namna nyingine, ambao hufanywa mbele ya macho yetu kila wiki na ambao ni nadra kupewa heshima ya kuhakikiwa wenyewe. Huo ni uhakiki wa mkutubi.

Mtu aingiapo katika maktaba ya umma, kabla hajazifikia rafu, hukutana na meza au kabati lililopangwa vitabu sita, saba, pengine kumi. Aliyevichagua vitabu hivyo kutoka miongoni mwa maelfu ametoa hukumu: amesema hiki kitangulie na kile kingoje. Pengine ameandika na kikaratasi, akakibandika pembeni, kikiwaeleza wapitao kwamba kitabu fulani kinafaa kusomwa. Kwa raia ambaye hajapata kununua jarida la fasihi hata siku moja, na raia wa namna hiyo ndio umma wenyewe, hukumu ile huwa ndiyo uhakiki wa pekee atakaokutana nao nje ya chumba cha mtihani. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kama ni hukumu njema, imetolewa kwa hoja gani, na kama imemfikisha msomaji kwenye kitabu au imemwacha mlangoni.

Haifai kulijadili jambo hili bila kukumbuka maktaba hizi zilianzishwa kwa ajili ya nani. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, wakati Uhuru ulikuwa bado mchanga. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Wakati huo takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Ikaja kampeni kubwa ya kisomo. Kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39, na mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wamebaki chini ya asilimia 10. Ni kazi ambayo mataifa mengi tajiri zaidi hayakuifanya kwa muda mfupi namna ile. Lakini kumfundisha mtu kusoma ni nusu ya safari tu. Aliyejua herufi mwaka 1975 alihitaji kuambiwa asome nini mwaka 1976, naye hakuwa na mwalimu tena, wala mtihani, wala duka la vitabu kijijini kwake. Waliopaswa kumwambia walikuwa watu wa maktaba. Mwanawe na mjukuu wake, ambao wana simu mkononi na maandishi yasiyo na idadi ndani yake, wanahitaji mtu huyo pengine kuliko yeye alivyomhitaji.

Baadhi ya wasomaji watasema: vitabu vipo kwenye rafu, vimepangwa kwa namba, mwenye haja akatafute. Hoja hii huonekana ya haki mpaka tuziangalie namba zenyewe. Mpango wa namba unaotumika katika maktaba nyingi duniani, pamoja na zetu, ulibuniwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Katika mpango huo fasihi yote ya ulimwengu imepewa mia ya nane. Fasihi ya Marekani ina kumi yake, Uingereza kumi yake, kisha Wajerumani, Wafaransa, Waitalia, Wahispania pamoja na Wareno, Walatini na Wayunani wa kale, kila kundi na kumi yake. Walimwengu wote waliobaki, Waarabu, Warusi, Wachina, Wahindi na sisi, tumesongamana katika kumi ya mwisho. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Mimi simlaumu marehemu Dewey, ambaye alipanga vitabu alivyokuwa navyo. Ila nasema kwamba msomaji wa Tabora au Mtwara anayefuata namba kwa utaratibu, akianzia mwanzo wa mia ya nane, atapita Ulaya nzima kabla hajafika kwa Shaaban Robert, isipokuwa pale wakutubi wetu walipokuwa na busara ya kuitenga fasihi ya Kiswahili mahali pake. Meza ya maonyesho haifungwi na namba zile. Pale mkutubi ana uhuru wa kuweka chochote kando ya chochote, na uhuru huo ndio unaotupa sababu ya kumwita mhakiki.

Anautumiaje? Neno lenyewe la maonyesho, katika nchi yetu, hutukumbusha viwanja vya Sabasaba na Nanenane. Huko mtu huenda kutazama, lakini pia hupima, huonja, hubishana bei na kurudi nyumbani na kitu kwapani. Maonyesho mengi ya maktaba hayakufuata mfano huo. Yamefuata ule wa makumbusho: kitu cha thamani kimewekwa nyuma ya kioo, kina maelezo mafupi, na kufuli. Kwa makumbusho utaratibu huo ni wa haki. Fuvu la kale au ngao ya shujaa haiazimwi. Hata katika maktaba kuna vitu vinavyostahili kioo, kwa mfano miswada ya tenzi zetu iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambayo jasho la mkono mmoja laweza kuimaliza. Lakini kitabu kilichopigwa chapa maelfu ya nakala, kikauzwa madukani na kusomwa mashuleni, kinafanya nini ndani ya kabati la kioo?

Nilipata kuona, katika maktaba moja ya mkoa ambayo si lazima kuitaja, onyesho la kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 na ikaanza kuadhimishwa tarehe 7 Julai 2022. Kabati lilikuwa limetandikwa kanga mpya, iliyopigwa pasi vizuri. Juu ya kanga palikuwa na picha ya Shaaban Robert, miaka yake ya kuzaliwa na kufa, 1909 hadi 1962, na vitabu vyake vitano vimesimamishwa wima ili majalada yaonekane. Kimoja kilikuwa Kusadikika. Nikaomba kukiazima. Nikajibiwa kwa adabu kwamba kile ni cha maonyesho, na kwamba ufunguo wa kabati unatunzwa na afisa aliye likizo.

Waliokisoma kitabu kile wataelewa kwa nini nilicheka, na waliokuwa karibu wakanitazama. Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, ni habari za nchi ambayo wajumbe wake sita walitumwa pande zote za dunia, wakarudi na maarifa yenye manufaa, na kila mmoja aliporudi akatiwa gerezani. Karama, kijana aliyeshtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria, anawasimulia mmoja mmoja mbele ya mfalme mpaka wanafunguliwa. Sasa kitabu kinachowatetea wafungwa kimefungwa chenyewe, juu ya kanga, kwa heshima zote. Wale waliopanga kabati walimpenda Shaaban Robert. Hilo lilionekana katika usafi wa kazi yao. Lakini walimpenda kama jina. Onyesho lao lilituambia kwamba alikuwa mkubwa, jambo ambalo kila mtoto wa shule hulijua, na halikutuambia hata neno moja juu ya kilichomo katika kurasa zake.

Tabia hiyo haimhusu Shaaban Robert peke yake. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, mbao za matangazo zilijaa picha yake na vipande vya magazeti. Ilikuwa fahari ya haki. Hata hivyo Gurnah huandika kwa Kiingereza, na riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilikuja kupatikana kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hapo palikuwa na nafasi adhimu kwa mkutubi. Kuziweka Paradise na Peponi pamoja, zote zimefunguliwa katika ukurasa ule ule wa mwanzo, na kumwachia msomaji ashike moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa wa kushoto, kungetosha kuzusha maswali ambayo picha mia haziwezi kuyazusha: je, mwandishi huyu alikuwa anafikiri kwa Kiswahili wakati anaandika Kiingereza? Maneno gani yamerudi nyumbani katika tafsiri, na yapi yameonekana mageni zaidi? Picha ya mtu mashuhuri humfanya msomaji aone fahari. Vitabu viwili vilivyofunguliwa vingemfanya asome.

Nitatoa mfano mwingine, kwa kuwa jambo hili ni rahisi kuliko linavyodhaniwa na halihitaji fedha. Mwalimu Nyerere alifasiri tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Kaizari wa Roma na ikachapishwa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 akaitoa upya, imesahihishwa, ikiitwa Juliasi Kaizari. Na mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Ebu tufikiri maana ya jambo hilo. Rais wa nchi, mwenye Azimio la kusimamia na vita vya ukombozi vya kuvitilia maanani, alirudi kwenye kazi yake ya miaka sita nyuma kwa sababu hakuridhika nayo. Hata jina lilibadilika, likaacha tahajia ya kigeni na kuvaa ya Kiswahili. Maktaba yenye nakala ya kila chapa ina onyesho zima tayari: vitabu viwili, meza moja, na kipande cha karatasi kinachosema, linganisha. Kijana anayedhani kwamba kuandika ni kupakua tu yaliyomo kichwani angejifunza pale kwamba wakubwa nao hufuta. Badala yake, ifikapo Oktoba, kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu, hutolewa picha yake na fimbo yake, na vitabu vyake hupangwa mgongo kwa mgongo kama matofali.

Sipendi msomaji adhani kwamba nimeona mabaya tu. Onyesho bora kuliko yote niliyopata kuyaona lilikuwa katika chumba kidogo chenye feni moja, na halikuwa na kanga wala picha. Mhudumu alikuwa amekusanya vitabu ambavyo havijaazimwa kwa muda mrefu, akavilaza mezani, jalada la mbele limefunguliwa ili ionekane ile karatasi ya tarehe inayogongwa mhuri kila kitabu kinapotoka. Tarehe za mwisho zilikuwa za miaka ya 1980 na 1990. Juu ya meza aliandika kwa kalamu nene: "Hawa wanakungoja." Palikuwa na kitabu cha ufugaji wa nyuki, diwani tatu, historia ya reli, hadithi za watoto ambao sasa wana watoto wao. Watu walisimama pale kwa muda mrefu, wakisoma tarehe kwanza, kisha kurasa. Mhudumu yule alikuwa ametambua kwamba karatasi ya tarehe ni maandishi nayo, na kwamba inasimulia kisa cha kitabu na watu wake. Hiyo ni kazi ya mhakiki, na sijui kama mwenyewe alijiita hivyo.

Sasa niingie katika vikaratasi vya mapendekezo, ambavyo naviona ni jambo zito zaidi ya maonyesho, kwa kuwa humo mkutubi hutumia maneno yake. Desturi ya watumishi wa maktaba kuandika mistari michache chini ya vitabu wanavyovipenda imeenea Uingereza na Marekani, na polepole imeingia kwetu. Nimevisoma vingi. Kwa sehemu kubwa vinafanana na hiki: "Kitabu hiki kinapendekezwa kwa wasomaji wote kwa kuwa kina mafunzo mengi kwa jamii."

Mimi ni mtumishi wa serikali na lugha hii naijua vizuri. Ni lugha ya jalada la ofisi. Tumefundishwa tangu siku ya kwanza kazini kuandika "naagizwa kukujulisha" na "imeamuliwa kwamba", ili ikitokea kosa asipatikane mwenye kauli. Katika mambo ya ofisi utaratibu huo una sababu zake, maana karani anaondoka na ofisi inabaki. Katika kusoma hauna maana yoyote. Kitabu hakiwezi "kupendekezwa" hewani. Kuna mtu aliyekaa nacho, akakesha au akasinzia, akachukia mhusika mmoja na kumhurumia mwingine. Akijificha nyuma ya kitenzi cha kutendwa, pendekezo lake linakuwa kama noti isiyo na sahihi ya gavana.

Na yale "mafunzo kwa jamii"? Hapa naomba radhi kwa walimu, lakini maneno haya yametoka katika miongozo ya mitihani, ambako kila riwaya husagwa mpaka itoe dhamira, ujumbe na mafunzo, kama karanga zinavyotolewa mafuta na mashudu yakatupwa. Sipingi kwamba fasihi hufunza. Nasema kwamba hakuna binadamu aliyekwenda kuazima hadithi siku ya Ijumaa jioni kwa sababu ya kuhitaji mafunzo. Aliiazima kwa sababu ya kutaka kujua nini kitatokea. Mkutubi anayelisahau jambo hili humkumbusha msomaji shule, na shule ni mahali alipotoka.

Nimejaribu mwenyewe, kwa zoezi tu, kuandika kikaratasi cha Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, kwa namna ambayo ningependa kukikuta mezani: "Mtu ametumwa na mfalme kufuatilia kodi iliyochelewa. Usiku anachungulia na kumwona mwenyeji wake, mtawala mpole kuliko wote, akiwapiga manyani wawili huku analia. Nilitaka kujua kwa nini, nikasoma mpaka mwisho. Maneno mengine ni mazito. Weka kamusi karibu. Asiyependa majini na miujiza asijisumbue." Si kazi ya kujivunia. Lakini ina mtu ndani yake, ina sababu, ina onyo, na inakiri kwamba kitabu hakimfai kila mtu. Pendekezo linalowafaa "wasomaji wote" halijamfikiria msomaji hata mmoja. (Na watumishi wenzangu wa mapato watanisamehe nikisema kwamba ni hadithi chache duniani ambamo kufuatilia kodi kumezaa jambo la kusisimua namna hiyo.)

Najua jibu nitakalopewa. Mkutubi, watasema, si mtaalamu wa fasihi. Kazi yake ni kutunza na kuazimisha. Na kwa kuwa analipwa na umma, haimpasi kuweka mapenzi yake mbele ya watu. Atakayependa riwaya ya rafiki yake je? Atakayependekeza diwani ya mkuu wake wa kazi ili apandishwe cheo? Hatari hiyo ipo, wala siidharau, kwani nimeishi katika ofisi muda wa kutosha kujua jinsi mashairi ya mkubwa yanavyosifiwa. Lakini dawa yake ni jina na sababu. Aliyeandika jina lake chini ya sifa, kisha akaeleza kwa nini, ameweka heshima yake rehani, na wasomaji watamrudia wiki ijayo kumwambia kwamba amewadanganya. Asiyeandika jina ndiye anayeweza kumsifu mkuu wake bila aibu.

Tena kuna vitabu ambavyo bila ya mtu kusimama na kuvisemea havitamfikia anayevihitaji. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa kipindi haikuruhusiwa kutumika mashuleni kwa sababu ya uwazi wake katika mambo ya mapenzi. Ni kisa cha binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, na nini kilimpata alipotoka mkononi mwa baba huyo. Wazazi wengi waliogopa binti zao wasikisome. Mimi nadhani ni wazazi waliopaswa kukisoma kwanza, maana swali zito la riwaya ile linamhusu Zakaria kuliko linavyomhusu Rosa. Mkutubi mwenye kukisoma angeweza kuandika maneno hayo hayo kwenye kikaratasi: "Baba, kisome wewe kabla ya kumkataza binti." Marufuku ilisema kitabu hiki si cha watoto wa shule. Ilihitajika sauti nyingine, ndogo, ya mezani, kuuliza basi ni cha nani.

Katika ushairi pia. Mimi ni mfuasi wa vina na mizani, wala sifichi. Mashairi yangu yote yana kituo na urari, na Kichomi ya mwaka 1974, diwani ya Kezilahabi huyo huyo, ilinikera nilipoisoma mara ya kwanza na inanikera hata sasa katika kurasa kadhaa. Hata hivyo maktaba itakayoonyesha ushairi wa miaka ile na kuiacha Kichomi kwa kuwaridhi watu kama mimi itakuwa imeficha nusu ya ugomvi. Iwekwe, na kando yake iwekwe Sauti ya Dhiki ya Mkenya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, aliyoitunga gerezani kwa bahari za jadi. Msomaji aone kwamba maumivu ya siku zile yalipata nyumba mbili tofauti. Kisha mkutubi aseme yeye yuko upande gani, na kwa nini.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia kazini, na masomo yangu rasmi yakaishia hapo. Yaliyobaki niliyapata maktabani, na zaidi ya yote niliyapata kwa mzee mmoja wa kaunta ambaye hakuwa na shahada wala stashahada. Kila nilipomrudishia kitabu aliuliza, "Enhe, mwanangu, umekionaje?" nami nilimjibu, "Mzee, kizuri," naye hukataa kupiga mhuri mpaka nimeeleza uzuri wenyewe uko wapi. Halafu huinama chini ya kaunta na kutoa kingine alichokwisha kuniwekea. Watu wa namna yake hawakuwa adimu. Waliosoma maktabani miaka ile watamkumbuka kila mmoja wake.

Kwa nini basi leo hawaonekani? Sababu moja inasemwa wazi: vitabu vipya ni haba, nakala ni moja moja, na wengi wa wanaojaza viti vya maktaba zetu ni wanafunzi waliokuja na madaftari yao kutoka nyumbani, wakihitaji meza na utulivu tu. Yote hayo ni kweli. Ila kuna sababu nyingine isiyosemwa, nayo inaniuma zaidi kwa kuwa ni ya kiutumishi. Mtumishi wa maktaba akionekana amekaa anasoma kitabu saa nne asubuhi, mkubwa wake humwona hana kazi. Akipanga rafu ambazo zimekwisha kupangwa, akifuta vumbi lisilokuwapo, akihesabu waliosaini daftari la mlangoni, huyo yuko kazini. Fomu zetu za kupima utendaji zina nafasi ya idadi ya wasomaji waliohudumiwa na idadi ya vitabu vilivyoandikishwa. Hazina nafasi ya vitabu alivyovisoma mtumishi mwenyewe. Tunamtaka awapendekezee watu vitabu, na saa za kuvisoma tumemnyima. Halafu tunashangaa kwamba anaandika "kina mafunzo mengi". Angeandika nini kingine? Amesoma jalada la nyuma.

Chuo cha ukutubi kilichoko Bagamoyo kimekuwa kikiwafundisha vijana wetu namna ya kuainisha, kuorodhesha na kuhifadhi, na bila ya elimu hiyo maktaba ni lundo. Ningependa hata hivyo kuona waajiri wa vijana hao wakiwapa nusu saa kwa siku, iliyoandikwa kwenye ratiba ya kazi kama inavyoandikwa zamu ya kaunta, ya kusoma, na karatasi ya kuandika walichokiona. Haitagharimu shilingi. Itahitaji tu mkuu mmoja akubali kupita mbele ya mtumishi anayesoma bila ya kukohoa.

Mahali pamoja nimekwisha kuliona jambo hilo likitendeka, na nalieleza kama nilivyolikuta. Chini ya nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, ile hadithi ya upelelezi ya Mohamed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, palikuwa na kikaratasi cha mhudumu mmoja aliyesifu akili ya Bwana Msa na kiko chake, akasema hajaona mpelelezi wa Kiswahili aliyempita. Alitia jina lake. Chini yake palibandikwa karatasi ya pili, kwa mwandiko mwingine na jina lingine: Bwana Msa, iliandikwa, anajua mambo mengi mno kabla ya wakati, na msomaji hapewi nafasi ya kukisia. Ya kwanza ikajibu kwa ya tatu, ndefu zaidi, ikitaja sura na ukurasa. Ya nne haikuwa ya mtumishi kabisa; msomaji fulani alikuwa ameomba gundi. Wakawa wanajibizana pale ukutani, kama washairi wetu walivyojibizana magazetini, juu ya kitabu chenye umri zaidi ya wao wote. Nikakitafuta kitabu chenyewe mezani, nikakuta nafasi tupu. Mhudumu alifungua daftari, akaniandika wa tano.